Siku Tatu Katika Mji wa Majini

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwapeleka katika mji ambao ndani yake hamna barabara ya magari wala ya baiskeli. Mji ambao mtu akiugua huchukuliwa hospitali kwa mashua, na akifa huchukuliwa makaburini kwa mashua vilevile. Jina lake ni Venice, nao uko Italia, upande wa juu wa bahari iitwayo Adriatic. Tulikwenda huko marafiki wanne, tukakaa siku tatu mwezi wa Novemba. Siku tatu si nyingi, wala mtu asidhani kuwa aliyelala siku tatu katika mji ameujua mji. Lakini tangu tulipofika hata tulipoondoka tulikuwa tukiulizana neno moja: Je, mji huu umewezaje kusimama juu ya maji muda huu wote?

Tulifika kwa garimoshi. Kati ya bara na mji pana daraja refu la reli lililofunguliwa mwaka 1846. Kabla ya hapo hapakuwa na njia ya kuingia Venice ila kwa chombo. Tulipotoka stesheni tulitazamia kuona magari ya kukodi, kama ilivyo katika miji mingine. Kumbe mbele yetu palikuwa na ngazi pana za mawe, na chini ya ngazi ni maji, na juu ya maji vyombo vya kila namna vyapishana: motaboti za abiria zifanyazo kazi ya mabasi, mashua za mboga, mashua ya polisi, hata mashua moja iliyopakia magodoro na makabati ya mtu anayehama nyumba. Huo ndio Mfereji Mkuu. Urefu wake wakaribia kilomita 4, nao wapita katikati ya mji ukijipinda mfano wa nyoka.

Mwenzetu mmoja alikuja na sanduku zito, ijapokuwa tulikwisha kumwonya. Mji una madaraja zaidi ya 400, na karibu yote yana vidato vya kupanda na kushuka, kwa sababu vyombo havina budi kupita chini yake. Kufika daraja la tatu mwenzetu hakuweza tena, ikawa twalibeba sanduku kwa zamu. Mahamali wa mji walikuwa wakitupita kwa wepesi na mikokoteni yao, ambayo ina magurudumu madogo mbele ya kuegemea kidato wakati wa kupanda. Tuliona haya kidogo.

Sasa na tueleze asili ya mji. Mito itokayo milimani huleta tope baharini, na mawimbi ya bahari huzuia tope na mchanga visiende mbali. Hivyo ukatokea ukanda mwembamba wa mchanga, na nyuma yake bahari ndogo yenye kina kifupi, mfano wa hori pana lenye visiwa vidogo vidogo vya tope. Katika karne ya 5 na ya 6, dola ya Rumi ilipovunjika, majeshi ya kigeni yalishuka kutoka kaskazini yakiteka miji ya bara, na watu wakakimbilia visiwani. Adui mwenye farasi hakuweza kuvuka tope lile, wala hakujua mikondo yenye kina. Tope likawa boma lao. Walianza kwa kuvua samaki na kutengeneza chumvi, kisha wakawa wafanya biashara wakubwa wa Bahari ya Kati, wakiwa na dola yao wenyewe iliyoongozwa na mtawala wa kuchaguliwa, aitwaye Doji. Dola hiyo ilidumu hata mwaka 1797, ilipokomeshwa na Napoleon.

Lakini nyumba ya mawe haiwezi kusimama juu ya tope tupu. Basi wajenzi walipigilia magogo ya miti chini ya tope, moja karibu na jingine, hata tope lenyewe likashindiliwa likawa gumu. Juu ya magogo walilaza mbao nene, na juu ya mbao mawe meupe kutoka Istria, ng'ambo ya Adriatic, ambayo hayanywi maji ya chumvi kama matofali yanywavyo. Huenda msikilizaji akauliza, Je, mti hauozi ndani ya maji? Aliyepata kujenga ua wa miti amekwisha kujua jibu. Nguzo huanza kuoza pale usawa wa ardhi, penye hewa na unyevu pamoja. Kuvu wanaoozesha mti hawaishi pasipo hewa, na ndani ya tope zito hewa haingii; kwa hiyo gogo huharibika polepole mno, na tope lililolizunguka hulishikilia. Kanisa la Santa Maria della Salute lilianza kujengwa mwaka 1631, baada ya tauni kuua watu wengi, na imeandikwa kwamba chini yake mna magogo zaidi ya milioni 1. Jioni ya kwanza tulikaa juu ya ngazi za kanisa hilo tukila mkate, na mmoja wetu akasema kwamba tumekalia msitu.

Jambo lililotushangaza zaidi ni maji ya kunywa. Mji uliozungukwa na maji pande zote ulikuwa na taabu ya maji, kwa maana yote ni ya chumvi. Katika kila uwanja wa mtaa tuliona kinywa cha kisima, kilichochongwa kwa jiwe moja, nacho kimefunikwa kwa chuma. Tulidhani ni visima kama vya kwetu, vyenye chemchemi chini, sivyo. Walichimba shimo pana chini ya uwanja, wakalikandika kwa udongo wa mfinyanzi ili maji ya chumvi yasiingie, wakalijaza mchanga safi, na katikati wakajenga bomba la matofali lifikalo juu. Mvua ilinyesha juu ya uwanja, ikaingia katika matundu, ikachujwa na mchanga, na maji safi yakakusanyika katika bomba. Hivyo uwanja mzima ulikuwa birika moja. Maji ya mabomba yalikuja kutoka bara mwaka 1884, na tangu hapo visima vikaachwa.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda uwanja wa San Marco, ulio chini kuliko sehemu nyingi za mji. Tulitazamia kuona watu na njiwa, tukakuta maji ya kufika vifundo vya miguu. Hayakuwa yameruka ukingo. Yalikuwa yakipanda pole pole kwa kupitia matundu ya kutolea maji ya mvua. Watu walikuwa wakipita juu ya majukwaa ya mbao, mmoja nyuma ya mwenziwe. Viatu vya mwenye sanduku viliharibika siku hiyo.

Wasikilizaji wa pwani watacheka wakiambiwa kwamba huko tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu, hali Mombasa na Unguja wakati wa bamvua hupita mita 3. Lakini mji wa Venice umejengwa karibu sana na uso wa maji, na upepo wa kusini-mashariki ukivuma kwa nguvu huisukuma Adriatic yote upande wa juu. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimita 194 juu ya kipimo chao cha zamani, na tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187. Tena watu wenyewe waliongeza taabu: katika karne ya 20 viwanda vya bara vilivuta maji mengi kutoka chini ya ardhi, na ardhi ikashuka, na bahari nayo inapanda. Siku hizi wana milango 78 ya chuma katika vinywa vitatu vya hori. Milango hiyo hulala chini ya bahari ikiwa imejaa maji. Hatari ikikaribia husukumiwa hewa ndani, maji yakatoka, nayo ikainuka na kuizuia bahari. Iliinuliwa mara ya kwanza kuukinga mji tarehe 3 Oktoba 2020. Kwa maji madogo kama yale yaliyotulowesha sisi haiinuliwi, maana gharama yake ni kubwa na meli hushindwa kuingia bandarini.

Hatukupanda gondola za wageni, kwa kuwa bei yake si ya watu kama sisi. Tulivuka Mfereji Mkuu kwa gondola ya kivuko, kwa pesa chache. Siku ya tatu tulikwenda kisiwa cha Murano, ambako mafundi wa vioo walihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto. Tuliona ushanga mwingi, wa rangi zote. Ushanga wa Venice ulifika Unguja katika karne ya 19, ukachukuliwa bara na misafara, na njiani ukatumika kama fedha.

Mama mwenye nyumba tuliyolala alituambia kwamba zamani mtaani kwake palikuwa na mwoka mikate, na fundi viatu, na muuza maziwa; sasa maduka yote yauza barakoa za kuwauzia wageni. Mwanawe amehamia bara, kwa sababu kodi ya nyumba imempita. Mwaka 1951 mji huo wa visiwani ulikuwa na watu kama 175,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto, duka moja la dawa liliweka dirishani, mwaka 2008, kibao chenye hesabu ya wenyeji waliobaki. Mwaka 2024 serikali ya mji ilianza kuwatoza Yuro 5 wageni wajao na kuondoka siku ileile, katika siku fulani za mwaka. Mmoja wetu alimwuliza yule mama, "Je, mama, tumekosa kuja?" Akafikiri kitambo, akasema, "Chumba mlicholala kilikuwa cha mwanangu." Kisha akatumiminia kahawa, wala hatukuuliza tena.

Tulipokuwa tukienda stesheni alfajiri, tukilibeba lile sanduku, tulipita mfereji mdogo uliokaushwa. Walikuwa wameuziba ncha zote mbili, wakavuta maji yote, na ndani yake waashi watatu, wenye tope hata magotini, walikuwa wakitoa matofali yaliyoliwa na chumvi na kutia mapya. Mzee mmoja alikuwa amesimama darajani akiwaelekeza kwa mkono, naye hakuwa mmoja wao.