Maji Safi Hayana Kazi Katika Mtungi Mchafu

Ndugu mkulima,

Wewe uliyepewa shamba katika makao mapya wazijua taabu za mwanzo. Ulifika na mizigo yako, ukaonyeshwa mpaka wa shamba, ukajenga, ukalima. Majirani zako walitoka pande zote, na wengine hamkujuana hata kwa majina. Kisha likazuka swali ambalo halikuandikwa katika hati ya shamba: maji ya kunywa tutayapata wapi, na choo atachimba nani?

Leo twataka kukupeleka mahali ambapo swali hilo hawakuulizwa watu mia mbili au mia tatu, bali watu laki na malaki, nao ilibidi walijibu upesi, kwa sababu kuchelewa kulikuwa ni kufa. Mahali penyewe ni Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, kiasi cha kilomita 100 kutoka mji wa Garissa ukishika njia ya kwenda mpaka wa Somalia. Usiseme, "Mambo ya wakimbizi yanihusu nini mimi mkulima?" Soma mpaka mwisho, halafu nenda ukautazame mtungi wako wa maji.

MJI ULIOZALIWA GHAFULA

Vita vilipozuka Somalia, watu walivuka mpaka kwa makundi, na katika miaka ya 1991 na 1992 zikafunguliwa kambi tatu: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo zilipangwa ziwatoshe watu 90,000. Nchi yenyewe ni kavu, nchi ya ngamia na mbuzi. Mvua ni haba, na mto wa kudumu haupo, ila kuna laga, yaani mikondo mikavu inayojaa maji siku chache tu kisha ikakauka tena.

Mwaka 2011 ukame na njaa viliipiga Somalia, na watu wa Dadaab wakapita 450,000. Sasa chukua kalamu tufanye hesabu. Wataalamu wa kazi hii wasema kwamba mtu mmoja asipungukiwe na lita 15 kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Watu 90,000 wahitaji lita 1,350,000 kila siku. Watu 450,000 wahitaji lita 6,750,000. Wala pampu haina siku ya mapumziko, kwa maana kiu haijui Ijumaa wala Jumapili.

MAJI YATOKA WAPI?

Chini ya nchi ile kavu kuna hazina. Ni tabaka la ardhi lenye maji, nalo huitwa Merti. Maji yake yahusiana na mto Ewaso Ng'iro, ambao hushuka kutoka nyanda za juu ukaenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Lakini maji hayo hayako karibu. Hayachimbwi kwa jembe na sururu, bali kwa mtambo, na visima vingi vyapita mita 100 kwenda chini.

Maji huvutwa na pampu. Zamani pampu zote zilikuwa za dizeli. Siku hizi nyingi zaendeshwa kwa nguvu ya jua, na dizeli husaidia jua linapotua. Maji hupandishwa katika matangi ya chuma yaliyoinuliwa juu ya nguzo, yakatiwa dawa ya klorini, kisha yakateremka yenyewe kwa mabomba hadi kwenye mifereji ya kuchotea.

Lakini hazina hii ina sharti lake. Katikati ya Merti maji ni matamu, na pembeni ni ya chumvi. Ukivuta kwa pupa kupita kiasi, maji ya chumvi huweza kusogea mahali pa maji matamu. Nao wafugaji wenyeji wa Dadaab na Fafi, waliokuwako kabla ya kambi, wategemea maji hayo hayo kwa ajili ya watoto wao na mifugo yao. Ndiyo sababu kupima kina cha maji kisimani na kuonja chumvi yake kwa vipimo si kazi ya ziada. Ni sawa na mkulima kukagua ghala lake kabla ya njaa kuingia.

HESABU YA MFEREJI MMOJA

Kanuni yasema kwamba mfereji mmoja usihudumie zaidi ya watu 250. Huenda ukadhani kwamba hesabu hiyo ni ya kubahatisha. Sivyo. Mfereji mzuri hutoa lita saba na nusu kwa dakika. Watu 250, kila mmoja akipata lita 15, wahitaji lita 3,750. Gawanya, nawe utaona kwamba mfereji huo sharti utiririke dakika 500, yaani saa nane na dakika ishirini, bila kufungwa.

Basi fikiri. Mfereji mmoja ukivunjika, watu wake 250 huenda kwa jirani, na saa nane zikawa saa kumi na sita. Mama aliye mwisho wa foleni ataondoka na mtungi mtupu, au ataenda kuchota maji ya dimbwi. Kwa hiyo fundi anayebadilisha mpira wa mfereji, kitu kidogo kuliko sarafu, amewaondolea watu ugonjwa ingawa hakuwapa dawa yoyote.

KAZI YAFANYWA NA NANI?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika mengine, kama CARE, ambalo limefanya kazi Dadaab tangu miaka ile ya mwanzo, yameleta mitambo na wahandisi. Lakini usidhani kwamba wageni ndio wanaofungua mifereji alfajiri. Wengi wa walinzi wa pampu, mafundi wa bomba na wahamasishaji wa afya ni wakimbizi wenyewe, wapatao ruzuku ndogo. Waifahamu kambi, waijua lugha, na watoto wao hunywa maji hayo hayo.

Mmoja wa watu hawa hupita na kichupa cha kupimia maji. Hukinga maji ya mfereji, akatia kidonge, na maji yakiwa na klorini hugeuka rangi ya waridi. Hulinganisha rangi ile na rangi za kipimo. Akiona maji hayakugeuka, ajua kwamba dawa imekwisha njiani, naye hupeleka habari kwenye tangi siku ile ile.

Mwingine huenda nyumba kwa nyumba. Yeye hatazami bomba. Atazama mtungi, kata ya kuchotea, mikono ya mama na njia ya kwenda chooni. Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo tulilotaka kukuambia.

ADUI HUINGIA BAADA YA MFEREJI

Maji yaweza kuwa safi kisimani, safi katika tangi, safi mferejini, na yakawa sumu katika kikombe. Vipi? Mtungi haukusuguliwa kwa majuma mengi, ndani yake mna utelezi. Mtoto ametoka chooni, akatia kikombe pamoja na vidole. Klorini kidogo iliyosalia hupigana na uchafu huo mpaka inakwisha, na baada ya hapo vijidudu havina mpinzani.

Jambo hili lilijaribiwa katika kambi moja ya wakimbizi nchini Malawi mwaka 1993. Nyumba nyingine zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, hata mkono usiweze kuingia ndani. Nyingine ziliendelea na ndoo zao za kawaida. Maji yalikuwa ya mahali pamoja. Katika nyumba zenye ndoo za kifuniko, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa kiasi cha asilimia 31. Kilichobadilika ni ndoo tu.

CHOO NI NUSU YA MAJI

Dadaab imepata mafunzo mengine kwa machozi. Mwaka 2006 mafuriko yaliiingia kambi ya Ifo. Mafuriko yakifika penye vyoo, kilichofichwa chini huja juu. Mwaka 2012, baada ya ule umati wa 2011, ulizuka ugonjwa wa ini aina ya E, ambao huenezwa na kinyesi kilichoingia katika maji, nao ni hatari sana kwa mama mjamzito. Mwezi wa Novemba 2015, wakati wa mvua, kikaja kipindupindu, na watu zaidi ya 1,000 wakaugua, na wengine wakafa. Mwaka 2022 kikarudi tena, kikaendelea hata 2023, wakati ukame mpya ulipokuwa umeleta watu wengi wapya na vyoo havikuwatosha.

Tazama vizuri, ndugu. Visima vilikuwapo na klorini ilikuwapo. Lakini watu wakiongezeka na vyoo visiongezeke, maji peke yake hayawezi kuwalinda. Kanuni yasema kwamba choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20, na kilicho bora ni kila nyumba kuwa na chake, kwa maana choo cha wote hufagiliwa na nani? Choo cha nyumba kina mwenyewe, na mwenyewe huona haya mgeni akikikuta kichafu.

SASA TURUDI KIJIJINI KWAKO

Haya ndiyo mambo matano ya kufanya. Hayahitaji mhandisi.

1. Sugua mtungi wako kila unapokwenda kuchota, kwa sabuni na maji, au kwa mchanga safi na maji, kisha uusuuze. Ufunike. Maji ya kunywa yamiminwe, wala yasichotwe kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

2. Ukinywa maji ya mfereji wa kumwagilia mashamba au ya mto, yachemshe, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Maji ya tope yachuje kwanza, kwa sababu tope huila dawa.

3. Chimba choo kisichopungua mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Sakafu yake iwe ngumu ya kuoshwa, na tundu liwe na kifuniko ili nzi wasitembee kati ya choo na sufuria.

4. Weka kibuyu chirizi karibu na choo, pamoja na sabuni, au jivu ikiwa sabuni haipo. Nawa utokapo chooni, umalizapo kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto.

5. Mtu akiharisha, usimnyime maji. Tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkienda zahanati. Akiharisha maji kama ya mchele, msingoje mapambazuko.

NA KISIMA CHENU?

Kuna jambo la sita, nalo si la mtu mmoja. Tangu mwaka 2025 fedha za misaada zimepunguzwa mahali pengi duniani, na Dadaab nayo imeguswa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi ziwe makao ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja. Kwa hiyo watu wa Dadaab nao wanakabiliwa na swali lako wewe: pampu ikiharibika, atalipa nani?

Fanyeni hesabu katika baraza la kijiji. Nyumba 60 zikitoa shilingi 50 kila mwezi, ni shilingi 3,000 kwa mwezi na 36,000 kwa mwaka. Mchagueni mweka hazina, na daftari lisomwe mbele ya watu wote. Wanawake wawemo katika kamati, si kwa heshima tu, bali kwa sababu wao ndio wachotaji, nao huwa wa kwanza kujua pampu inapoanza kulia vibaya. Msingoje ivunjike kabisa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkimbizi wa Dadaab alifika bila shamba, bila ng'ombe, na pengine bila viatu. Hata hivyo wako wengi kambini wanaosugua mitungi yao kila asubuhi, kwa sababu walikwisha kuzika watu waliokufa kwa kipindupindu. Wewe una shamba, una nyumba, na una jirani. Usingoje msiba ndipo usugue mtungi.

Basi, ukiisha kusoma ukurasa huu, mpe jirani yako asome, kisha inuka uingie ndani. Funua mtungi wako, upitishe kidole kwa ndani. Ukikuta utelezi, anza kazi leo.