Bustani ya Nyumbani Mvua Zinapokatika

Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mvua zikikatika, bustani ya nyumbani hubadilika sura. Maboga na kunde hukomaa. Huu ndio wakati wa kutenga mbegu na kuanika majani ya kunde ambayo bado ni mabichi, yawe mboga ya kiangazi.

Shida kubwa ya Newala ni maji. Mji uko juu ya Uwanda wa Makonde, na udongo wake wa kichanga hunyonya mvua upesi. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko. Kila ndoo ina thamani. Maji yaliyooshewa mboga hayafai kumwagwa ovyo: hutosha kunywesha tuta dogo la mchicha karibu na jiko, lililotiwa samadi na kufunikwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Masasi, iliyo chini ya uwanda, ina nafuu kidogo, kwani mabondeni unyevu hudumu na matembele huendelea kustawi.

Kisamvu hakidai maji ya ndoo. Muhogo huvumilia ukame, na ncha zake zikichumwa huchipua majani mapya laini.