Mlinzi wa Koki Ndani ya Figo

Leo tuzungumze habari ya figo. Katika Zaburi ya 139, mstari wa 13, Biblia yetu imesema "mtima". Katika Kiebrania neno lililoandikwa pale ni figo. Mtunga Zaburi hakuona haya kuzitaja, nasi tusione.

Ninyi mlioko Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, mwajua shida ya maji ya bomba. Koki ikifunguliwa mno, tangi hufurika. Ikibanwa mno, wa mwisho hukosa. Lazima awepo mtu wa kutazama kule chini, kisha apeleke habari juu kwa mwenye koki.

Figo nazo zina mtu huyo. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, na kwa siku figo zote mbili huchuja kama lita 180 kutoka katika damu. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20! Lakini mkojo ni kama lita moja na nusu tu. Maji mengine hurudishwa damuni. Yasingerudishwa, damu ingekwisha maji kabla ya saa moja kupita.

Sasa angalieni ajabu hii. Kijifereji kitokacho katika kila kichujio hushuka, hupinda, kisha hupanda tena mpaka kikaugusa mshipa uletao damu kwenye kichujio kile kile. Hapo pana chembe zinazoonja chumvi. Chumvi ikifika nyingi, maana yake maji yamepita mbio, basi mshipa hubanwa. Ikifika kidogo, mshipa hulegezwa, na figo hutoa renini ili presha ya damu ipande.

Ubongo nao huonja damu. Maji yakipungua, huleta kiu na kuziagiza figo ziyashike. Ndipo mkojo huwa mchache, wa manjano iliyokolea. Ukinywa, agizo hilo hukoma.

Hata hivyo, mlinzi wa koki hawezi kuumba maji. Mtu akilima juani tangu alfajiri bila kunywa, figo hujitahidi kuuacha wazi mshipa wa kuingizia damu. Kisha jioni mgongo unamwuma, anakwenda dukani kununua ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizo huzuia kitu kile kile ambacho figo hutumia kuuacha mshipa wazi. Ni kumfunga mlinzi mikono wakati wa ukame, nami naona twazinunua kama peremende.

Maji ya kisima yenye chumvi huongeza kazi, kwa kuwa chumvi haitoki mwilini ila ichukuliwe na maji. Na wazee wetu kiu yao huwa hafifu. Wapelekeeni kikombe bila kungoja waombe. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo anywe kwa kipimo alichopewa na daktari. Wenye presha na kisukari waombe kupimwa damu na mkojo, maana figo huharibika kwa muda mrefu pasipo maumivu yoyote.