Kabla Jiwe Halijaguswa

Dhahabu ilipoonekana Sakale, karibu na Amani mkoani Tanga, mnamo 2003, wachimbaji walimiminika milimani wakachimbua hadi kingo za vijito, na Mto Zigi ukachafuka. Tope mtu huliona kabla hajajitwika ndoo. Zebaki ya kukamatia dhahabu haionekani, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, yanakotoka maji ya jiji la Tanga.

Naikumbuka Sakale kila ninaposikia habari za urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe kupisha mradi huo. Julai 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa. Huko jicho lapaswa kutazama mpaka chini ya mto, kwenye maji yaliyo ndani ya mwamba, ambayo hayatoi dalili yoyote ya kuonekana yakiharibika.

Urani iliyo katika jiwe lisilofikiwa na hewa hutulia. Jiwe likichimbuliwa hewa ikaingia, au likamiminiwa tindikali ili litoe madini, urani huyeyuka na kuanza kusafiri na maji. Haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, urani hubaki yote. Wengi huogopa mionzi, lakini kwa mnywaji wa maji figo ndizo hutangulia kuumia, maana urani ni sumu kama zilivyo metali nyingine nzito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita. Katika simtanki la lita 1,000, hiyo ni urani yenye uzito wa punje moja au mbili za mchele.

Kitu kidogo hivyo hunaswa vipi? Huchimbwa visima vya uchunguzi, vingine upande maji yanakotoka, vingine yanakoelekea. Urani hung'ang'ania udongo na mwamba njiani, kwa hiyo huchelewa. Chumvi za salfeti zitokanazo na tindikali hutangulia kama tarishi. Mpimaji hodari hangoji urani ifike. Salfeti ikipanda, au maji yakianza kupitisha umeme zaidi ya kawaida yake, anajua kuna kinachofuata nyuma.

Ila yote hayo yanategemea kipimo cha kwanza, kile kinachochukuliwa kabla jiwe halijaguswa. Amani tunalijua hili: kituo cha utafiti kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na mvua ya milima ile ikaandikwa tangu enzi hizo, hivyo anayesema mvua imepungua hujibiwa kwa daftari. Kwa visima jambo ni zito zaidi, kwa sababu miamba mingine ina urani ya asili. Kisima kilichokuwa na mikrogramu 20 kabla ya mgodi kikionyesha 20 baadaye, mgodi hauna kosa. Kilichokuwa na 2 kikafika 20 bado kiko chini ya kikomo, na cheti kitasema maji ni salama, lakini kuna kitu kimevuja na lazima kitafutwe. Asiye na ile 2 kwenye karatasi hawezi kuvitofautisha visima hivyo viwili.

Kwa hiyo anayechota maji jirani na mgodi wowote aulize mapema: kisima chetu kilipimwa lini mara ya kwanza, masika au kiangazi, na majibu yake yamehifadhiwa wapi?