Kabla ya Kushusha Silinda Hedi

"Gasketi imeungua, bosi." Hukumu hii hutolewa gereji ndani ya dakika chache. Boneti imefunguliwa, rejeta imekutwa nusu, mwenye gari amesema jana lilichemsha, basi, kesi imekwisha. Kesho yake silinda hedi iko juu ya benchi na mwenye gari yuko Kariakoo anaulizia bei ya gasketi. Kuna siku fundi anakuwa amepatia. Lakini kuna siku nyingine maji yalikuwa yanapotelea kwenye wota pampu, kwenye mshono wa rejeta, au kwenye mpira wa hita ambao hakuna aliyekumbuka kuutazama. Gari linafungwa, linarudi barabarani, na wiki haijaisha maji yamepungua vilevile.

Kwa gari la dizeli kosa hili ni zito zaidi, kwa sababu hedi yake ikishafunguliwa ina masharti mengi ya kuirudisha. Ndiyo maana nashikilia kwamba bolti ya hedi isiguswe mpaka ushahidi upatikane. Ushahidi huo unapatikana kwa vifaa vya bei nafuu na saa chache za subira.

Tuanze na kazi ya gasketi yenyewe. Ni bamba jembamba linalolala kati ya bloki na silinda hedi, likitenganisha vitu vitatu vinavyopita jirani sana: mgandamizo wa ndani ya silinda, oili, na maji ya kupoza. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inabana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yanapopulizwa na nozeli. Ile 1KZ-TE ya lita 3 iliyokuja na Prado na Hilux Surf nyingi za mitumba kutoka Japani hubana hewa kwa uwiano wa 21.2 kwa 1, wakati injini nyingi za petroli za umri huo zilikuwa karibu na 9 au 10 kwa 1. Kwa kupiga stata tu, kabla ya moto wowote, shinikizo ndani ya silinda ya dizeli yenye afya hufika karibu mara 30 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Moto ukiwaka hupanda maradufu na zaidi. Upande wa maji, kifuniko cha rejeta kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani huachia shinikizo likizidi la hewa ya nje kwa takriban mara moja.

Sasa gasketi ikipata njia ndogo kati ya silinda na maji, ni gesi ndiyo itakayoyasukuma maji. Hapo ndipo dizeli inapowapoteza wengi. Dalili ya mwanzo huwa ni shinikizo kwenye mfumo wa maji, na moshi mweupe au oili iliyoharibika vinaweza kuchelewa sana kuonekana. Gari linatembea mjini wiki nzima bila shida. Siku linapopanda mlima Kitonga likiwa na abiria na mizigo, mgandamizo unaongezeka, gesi inajipenyeza, chupa ya akiba inafurika, maji yanamwagika chini. Dereva anasimama, anajaza maji, anaendelea. Likifika tambarare linatulia, na dereva anaamini tatizo lilikuwa mlima.

Wengi tumefundishwa kufungua kifuniko cha oili na kutafuta rangi ya chai ya maziwa. Ukiikuta, ni kweli maji na oili vimekutana, lakini mahali vilipokutania bado hapajulikani. Kipozeo cha oili kikitoboka kinaweza kuchanganya hivyo hivyo. Kwenye gari la gia otomatiki, uchafu wenye wekundu ndani ya rejeta mara nyingi hutokana na kipozeo cha oili ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta hiyo hiyo. Na utando kidogo chini ya kifuniko unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembea safari fupi bila kupata joto la kutosha. Anayesubiri chai ya maziwa ndipo aamini kwamba gasketi imeungua, katika dizeli anaweza kusubiri mpaka hedi imepasuka.

Uchunguzi uanze injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla gari halijawashwa. Hatua ya kwanza ni kutafuta mvujo wa nje, na hapa pampu ya mkono ya kupimia rejeta ndiyo mfalme. Inafungwa mahali pa kifuniko, inapandishwa mpaka shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko, kisha inaachwa nusu saa. Geji ikisimama palepale, mfumo hauvuji. Ikishuka, fuata maji yalipo: kitundu kidogo chini ya wota pampu, mshono kati ya plastiki na aluminiamu ya rejeta, vizibo vya bloki, mipira ya nyuma ya injini inayoelekea hita. Usisahau zulia la ndani upande wa abiria. Likiwa limelowa na lina harufu tamutamu ya kulanti, kosa ni la rejeta ndogo ya hita. Kwa kuwa Dar es Salaam hatuwashi hita kamwe, sehemu hii husahaulika, ingawa maji yanapita humo muda wote katika magari mengi.

Geji ikishuka na nje hakuna hata tone, maji yanaingia ndani. Hata hapo gasketi si mshukiwa pekee. Injini za komoni reli nyingi zina kipozeo cha EGR, kinachotumia maji kupoza moshi unaorudishwa kwenye injini. Kikitoboka, maji hupotea kupitia ekzosi, moshi mweupe hutoka, na kila dalili huielekea gasketi isiyo na hatia. Kukitenga kipozeo hicho na kukipima peke yake ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kushusha hedi. Fundi mwenye heshima na kazi yake hataruka hatua hii.

Baada ya hapo, tafuta gesi. Injini ikiwa baridi, ondoa kifuniko, jaza maji hadi shingoni, washa, tazama. Mapovu machache ya mwanzo yanaweza kuwa hewa iliyobaki, hasa kama maji yamebadilishwa karibuni. Hewa hiyo huisha. Gesi ya silinda haiishi, na huongezeka ukikanyaga mafuta. Fanya pia jaribio la mpira wa juu wa rejeta: funga kifuniko, washa injini baridi, ushike mpira baada ya dakika moja au mbili. Maji hayajapata joto bado, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa laini. Ukiwa umekwisha kuwa mgumu, kuna kitu kinachojaza shinikizo humo ambacho si joto. Ukiukuta mgumu asubuhi baada ya gari kulala usiku kucha, maana ni ileile.

Kuna pia kipimo cha kemikali, dawa ya buluu inayovutiwa hewa ya juu ya maji ya rejeta. Ikikutana na gesi ya moto hubadilika rangi, kwenye dizeli mara nyingi kuelekea kijani na kwenye petroli kuelekea njano. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Dizeli ikiwa imesimama na kunguruma taratibu huvuta hewa nyingi mno ukilinganisha na mafuta, hivyo moshi wake una kabonidayoksaidi kidogo tu. Dawa inaweza kubaki buluu na gasketi ikawa imeungua. Lipeleke gari kwanza kwenye mlima au ulibebeshe mzigo, kisha pima. Jibu la ndiyo liamini, jibu la hapana lirudie.

Moshi nao una kusoma kwake. Asubuhi za baridi Njombe au Makete, dizeli nyingi hutoa moshi mweupe unaowasha macho. Huo ni mafuta yasiyoungua, mara nyingi kwa sababu plagi za hita, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, zimekufa. Mvuke wa maji hauwashi macho, hupotea hewani haraka, na ule wa kuogopwa ni unaoendelea hata injini ikishapata moto.

Dalili ya hatari kuliko zote hujitokeza kwenye stata. Injini inageuka nusu, inagoma ghafla, halafu inajaribu tena. Usiendelee kupiga. Katika 1KZ-TE, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni kama mililita 37, yaani vijiko viwili na nusu vya mezani. Maji hayabaniki. Yakizidi kiasi hicho ndani ya silinda moja, kinachopinda ni konrodi, na hapo hatuzungumzii tena gasketi. Zifunguliwe plagi za hita zote kwanza, watu wakae pembeni, ndipo injini izungushwe. Silinda inayorusha maji imejitaja yenyewe.

Sasa tuseme ushahidi umetimia. Swali linalobaki ndilo mafundi wengi hawaliulizi: gasketi iliungua kwa nini? Mara nyingi iliungua kwa sababu injini ilichemsha, na injini ilichemsha kwa sababu ya jambo dogo. Kifuniko cha rejeta ni mfano mzuri. Usawa wa bahari maji matupu huchemka kwa nyuzi 100, lakini chini ya kifuniko kizima cha 0.9 hustahimili hadi karibu 118. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95. Mwenye kifuniko kilichochoka anapanda milima akiwa amepoteza zaidi ya nyuzi 20 za usalama wake, kwa kipande ambacho bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya hedi.

Jingine ni termostati. Desturi ya kuing'oa "ili maji yazunguke vizuri" imeenea mno, na imeua injini. Katika injini nyingi za Toyota termostati ina kazi mbili: kufungua njia ya rejeta na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto huzunguka kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Ongeza maji ya kisima yenye chumvi ya maeneo mengi ya pwani, yanayoacha magadi ndani ya rejeta na kula aluminiamu, ukapata hedi iliyochemka. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloki kwa joto lilelile. Ndiyo maana hedi za 1KZ-TE zilizowahi kuchemsha hujulikana kwa kupasuka katikati ya valvu, na ndiyo maana kumwagia injini moto maji baridi barabarani ni kuimaliza.

Kwa hiyo hedi ikishashuka, isirudi kabla ya kupimwa. Ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji, kisha ipelekwe karakana yenye uwezo wa kuijaza shinikizo ikiwa ndani ya maji moto, kwa sababu nyufa nyingi hazionekani kwa macho. Kuichonga kusiwe jibu la kila kitu. Hedi nyingi za dizeli zina kikomo kidogo sana cha kuchongwa, na zingine haziruhusiwi kabisa, kwani valvu na vyumba vya mwako vinapaswa kukaa kwenye kina maalumu. Hedi iliyopasuka ibadilishwe.

Kisha kuna gasketi yenyewe. Katika dizeli nyingi pistoni ikifika juu hujitokeza kidogo juu ya uso wa bloki, kwa hiyo gasketi hutengenezwa kwa unene tofauti na kuwekewa alama za vitobo, mikato au herufi. Fundi apime pistoni zote au, kwa uchache, alinganishe alama ya gasketi ya zamani. Nyembamba mno, pistoni hugonga. Nene mno, mgandamizo hupungua na gari hukataa kuwaka asubuhi. Bolti zinazovutika zisitumiwe mara ya pili, na zikazwe kwa spana ya toki, kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje. Mkono wa fundi, hata uwe na uzoefu wa miaka 30, haupimi toki.

Ukipeleka gereji gari la dizeli linalopunguza maji, mwombe fundi akuoneshe geji ya shinikizo na mapovu kabla hajagusa bolti ya kwanza. Akikosa pampu ya kupimia, mtafute aliye nayo. Na ukilazimika kubadilisha gasketi, usiitupe ya zamani mpaka umeonyeshwa ilipoungulia na umeambiwa sababu yake.