Je, Wajua? Mzizi Mnene Si Lazima Uwe Mkali

Je, wajua kwamba tangawizi si mzizi? Itazame vizuri: ina pingili na macho kama muwa. Ni shina lililoamua kulala chini ya udongo badala ya kusimama. Mizizi yake halisi ni zile nyuzi ambazo muuzaji huzipukutisha kabla ya kupanga mafungu sokoni. Manjano ni ndugu yake wa damu, na iliki imo katika ukoo huohuo. Lakini hapa tutaiita mizizi kama tunavyoiita jikoni, wataalamu wa mimea watusamehe.

Tangawizi haipatikani porini, wala haitoi mbegu za kutegemewa. Kipande chenye jicho ndicho mbegu, kwa hiyo ugonjwa uliojificha ndani ya kipande hupandwa pamoja nacho.

Je, wajua kwamba maji ya usiku yana bwawa lake? Katika milima ya Upare, Kilimanjaro, wazee walijenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Kijito hulijaza bwawa watu wakiwa wamelala. Kukicha, tundu huzibuliwa na maji hushuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Bila ndiva, maji ya saa zote za giza yangepita bure. Wilayani Same, katika milima hiyohiyo, ndiko Mamba Miamba, eneo linalojulikana kwa tangawizi. Zao hili hukaa ardhini miezi 8 hadi 10 na hupenda mvua ya kiasi cha milimita 1,500 kwa mwaka. Vuli na masika haziungani, na pengo la katikati ndilo linaloamua kama utachimba viganja vinene au vidole vilivyosinyaa.

Ila maji yakituama, ni msiba. Kuna kiumbe kinachofanana na ukungu, kiitwacho Pythium, ambacho huozesha tangawizi ikawa rojo. Vijimbegu vyake vina mikia na huogelea kwenye unyevu wa udongo vikitafuta mmea wa kuushambulia. Ndiyo maana tangawizi hupandwa kwenye matuta, na majani yakianza kuwa ya njano karibu na mavuno, mkulima hufunga maji.

Je, wajua kwamba mfuko wa yurea una asilimia 46 ya nitrojeni, ilhali samadi ya ng'ombe kwa kawaida haifiki hata asilimia 3? Kwa hesabu ya dukani, samadi imeshindwa kabla ya kuanza. Lakini zao la miezi 9 halihitaji karamu ya siku moja. Samadi iliyooza hutoa chakula kidogokidogo, na kazi yake kubwa ni nyingine: huufanya udongo ushike maji kama sifongo huku ukibaki na nafasi za hewa. Mwenye samadi shambani hufaidi zaidi kila ndoo anayomwagilia. Kwa maoni yangu, kuyapima mambo haya mawili mbalimbali, maji upande huu na mbolea upande ule, ni kukosea tangu mwanzo.

Iwe imeoza, lakini. Mzizi mkuu ukikutana na samadi mbichi hugawanyika panda, kama alivyowahi kuona yeyote aliyelima karoti. Rundo la mboji linalofanya kazi hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Mkulima huchomeka kijiti kirefu katikati ya rundo, hukichomoa na kukishika. Kikiwa baridi mapema, kuna kasoro.

Sasa tufike kwenye dawa yenyewe. Je, wajua kwamba ule ukali wa tangawizi haukuwekwa kwa ajili yetu? Kemikali nyingi za ukali na za dawa ni silaha za mmea dhidi ya wadudu na vimelea. Maji au chakula vikipungua kidogo, mmea huacha kurefuka kabla haujaacha kutengeneza sukari, na sukari isiyotumika kukuza mwili huweza kuelekezwa kwenye silaha. Njaa ikizidi, vyote hudorora.

Ashwagandha, mzizi wa dawa za jadi za India ambao jina lake la Kisanskriti linahusu harufu ya farasi, hulimwa kwenye ardhi kavu ya Madhya Pradesh na Rajasthan. Upe maji mengi na nitrojeni nyingi, utakuonyesha majani. Nchini Marekani, ginsengi ya Wisconsin hulimwa chini ya vivuli vya kutengeneza na hunenepa kwa miaka michache tu, lakini ile ya msituni, nyembamba na yenye makunyanzi, huuzwa kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Wanunuzi huhesabu makovu shingoni mwake, kwa kuwa kila mwaka shina likianguka huacha kovu moja.

Usikimbilie kuukausha mfereji, hata hivyo. Kukumini, rangi ya dawa iliyomo kwenye manjano makavu, mara nyingi huwa kati ya asilimia 2 na 5. Tuseme shamba lenye kiu limetoa kilo 100 kavu zenye asilimia 5: umepata kilo 5 za kukumini. Lililoshiba likitoa kilo 200 zenye asilimia 3, umepata kilo 6. Kiwandani lililoshiba limeshinda, ingawa ulimi ungesema vingine.

Na je, wajua kwamba kilo 1 ya tangawizi mbichi ina karibu gramu 800 za maji? Ukiikausha, sehemu ya jinjeroli, kemikali ya ukali iliyomo, hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Msomaji wa pwani asicheke: shoga hapo si rafiki wa mtu, ni tangawizi kwa Kijapani. Ndiyo maana kijiko cha unga wa tangawizi huwasha koo kuliko kijiko cha ile mbichi iliyotwangwa asubuhi hii.