Usigawanye kwa Herufi Usiyoijua

Mtihani wa GMAT, unaotumiwa na vyuo vingi vya biashara kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili, una aina ya swali lisilotaka jibu lenyewe. Linataka kujua kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Unapewa swali na kauli mbili, kisha unaamua: inatosha ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, kila moja kivyake, zote mbili zikiunganishwa tu, au hazitoshi hata zikiunganishwa. Hesabu zake si nzito. Kinachowaangusha hata watu hodari ni sifuri.

Chukua mfano huu: x na y ni namba kamili, y ni ngapi? Kauli ya kwanza: xy = 3x. Kauli ya pili: x + y = 3.

Aliyezoea aljebra ya sekondari hukimbilia kugawanya pande zote kwa x, akabaki na y = 3, akaona kauli ya kwanza inatosha. Amekosa. Kugawanya kwa x kunaruhusiwa pale tu unapojua kwamba x si sifuri, na hapa hakuna aliyekuambia hivyo. Njia salama ni kuhamishia kila kitu upande mmoja: x(y − 3) = 0. Zao likiwa sifuri, lazima angalau kigawo kimoja kiwe sifuri. Kwa hiyo ama x ni 0, ama y ni 3. Na x ikiwa 0, y inaweza kuwa 7, au −20, au namba yoyote. Haitoshi.

Kauli ya pili peke yake haitoshi, wala hapo hapana mjadala: 1 na 2 zinafaa, 5 na −2 pia.

Sasa ziunganishe, na hapa usiharakishe, maana hata aliyeikumbuka sifuri anaweza kuteleza. Atasema x huenda ikawa 0, basi y haijulikani. Lakini fuata kila njia hadi mwisho. x ikiwa 0, kauli ya pili inailazimisha y kuwa 3. Kwa njia nyingine, y ni 3 tangu mwanzo. Njia ni mbili, jibu ni moja: zikiunganishwa, zinatosha.

Maneno "namba kamili" nayo si pambo. Tuseme n ni namba kamili na n² < 2n. n haiwezi kuwa 0, kwa sababu 0 si ndogo kuliko 0. Haiwezi kuwa hasi, kwa sababu mraba wake ungekuwa chanya na 2n ingekuwa hasi. Basi n ni chanya, na sasa ndipo unaruhusiwa kugawanya: n < 2. Iliyobaki ni 1 peke yake. Ondoa neno "kamili", na 0.5, 1.3 na 1.99 zote zinaingia.

Kumbuka pia kwamba sifuri ni shufwa, na si chanya wala hasi. Ukiambiwa "n si hasi", 0 bado imo. Kabla hujaamua kwamba kauli inatosha, ijaribu kwa 0 kwanza, kisha kwa 1, kisha kwa namba hasi.